Faili Lililokaa Mahali Sipo

Wapendwa, leo nawapeleka kwenye mambo ya kompyuta. Wazee wangu msikunje nyuso, hata mimi nilieleweshwa polepole, na mkinifuata tutafika pamoja.

Palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, kijana wa watu, aliyepata kazi katika hospitali ya mji wa mbali na kwao. Hakuwa na ndugu mji ule, wala jirani wa kumwambia "karibu chakula". Alishinda katika chumba cha nyuma na ile kompyuta kubwa waiitayo seva, inayonguruma mchana kutwa. Akirudi kwenye chumba chake cha kupanga, kitu cha kwanza anawasha redio, ili pawe na mtu anayeongea. Upweke jamani! Mtu akiwa nao, hata mtangazaji wa redio anamjibu.

Kazi aliyopewa ilikuwa njema. Zamani mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, manesi walipiga simu kwa ndugu zake. Sasa wakaambiwa wapumzike, programu itatuma ujumbe yenyewe. Lakini programu haijui kitu mpaka isome faili la maelekezo: ujumbe upite wapi, uende kwa nani. Fundi akaliandika faili lile kwa makini, akalisoma tena, halina kasoro. Kisha akaliweka kwenye folda aliyozoea kuweka mafaili yake, akawasha. Akaiuliza programu, "U mzima?" Ikajibu, "Mzima." Taa ya kijani ikawaka, naye akafunga mlango akaenda zake.

Siku zikapita. Nesi wa wodi ya wanawake akaja, hata hodi hakupiga.

"Fundi, mbona ndugu za wagonjwa wangu hawaji?"

"Mtambo unafanya kazi, dada. Tazama mwenyewe, taa ni ya kijani."

"Hiyo taa yako naiona. Lakini nina bibi kule wodini, ameruhusiwa, na kila mlango ukilia anainua kichwa. Tangu jana amekataa hata uji. Anasema mwanawe amemtupa, basi na yeye anajitupa."

Fundi akatazama chini. Neno lile la kutupwa lilimchoma, maana aliijua ladha yake.

Safari hii hakuiuliza programu kama ni nzima. Aliiuliza swali jingine: "Umesoma faili lipi, na umelikuta wapi?" Ikajibu bila haya: sikukuta faili, nimetumia maelekezo niliyotoka nayo kwa aliyenitengeneza. Na hayo yalisemaje? Pokea ujumbe, uweke, usimtumie mtu, maana yalikuwa ya majaribio tu. Mnaona? Faili lilikuwepo, zuri, halina kosa, ila limekaa folda nyingine, siyo ile ambayo programu inasoma, mahali sipo. Programu haikupiga kelele. Heri ingegoma kuwaka, angejua mapema! Ujumbe wote ulikuwa umelala humo, na ule wa mwana wa bibi pia.

Akalihamishia faili mahali pake, akawasha upya, ujumbe ukatoka. Kabla jua halijazama mwana akaingia wodini mbio, miguu ina tope la shamba. "Mama, wallahi sikuambiwa!" Bibi akamshika shavu, akaanza kumgombeza, na huku anagombeza akaagiza uji.

Nesi akarudi kwa fundi kushukuru. "Na wewe, habari?"

"Nzuri."

Nesi akageuka aondoke, kisha akasimama. Ninyi huenda hamjui nani alimsimamisha pale mlangoni, ila mimi namjua: ni Mungu. Akauliza swali la pili: "Hivi, mara ya mwisho umekula na mtu lini?"

Fundi akaanza kuhesabu siku kwa vidole, vidole vikaisha. Akalia, mtu mzima yule, mbele ya mashine zake.

Sasa tuseme sisi. Sisi hata msibani mtu akituuliza habari tunajibu "nzuri" kwanza, ndipo tunaeleza kwamba tumefiwa. Ni adabu yetu, siikatazi. Lakini "nzuri" ni jibu tulilozaliwa nalo, linatoka lenyewe hata ndani kukiwa kumebomoka. Nasi tunaridhika nalo! Kila Jumapili tunapeana mikono pale nje, "Bwana asifiwe", "Amina", taa za kijani tupu, kisha kila mtu kwake na sufuria yake. Neno la kumpenda jirani tunalo? Tunalo, limeandikwa vizuri, halina kosa. Tumeliweka wapi? Kabatini, ndani ya kitambaa cheupe. Moyo ukilitafuta haulikuti, basi unajiendea na maelekezo yake wenyewe: pokea salamu, usimfikie mtu.

Mnadhani yule fundi yuko mji wa mbali? Mwaka mzima ameketi nasi humu, nimeongea naye juzi. Mimi mchungaji wake nilikuwa sijui anapopanga, na ninyi hamjui anakaa benchi lipi. Simtaji. Ila mgeukie huyo uliyekaa naye, wewe baba, wewe mama. Usimwulize habari. Mwulize leo anakula na nani.

Ndiyo, sasa hivi. "Amina" itasubiri.