Sahani Zilizorudi Tupu

Mama mmoja alikuwa na wana wawili na mbwa mmoja. Wana walijenga katika uwanja wake, Mbonea mkubwa upande wa kulia, Eliudi mdogo upande wa kushoto, na mama akabaki katikati, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mbwa aliitwa Askari. Alilala mlangoni pa mama.

Wake wa wana hao walikuwa na adabu. Mmoja alimpelekea mama chakula cha mchana, mwingine cha jioni. Sahani iliwekwa mezani imefunikwa, na aliyeileta akatoka, kwa maana katika ukoo ule mkwe hamtazami mama mkwe akitafuna. Baadaye sahani ilichukuliwa. Ikiwa tupu, ilijulikana kwamba mama ni mzima. Kwa miezi mingi haikubaki hata punje.

"Mama anakula kunishinda mimi ninayeshika jembe," alisema Eliudi akicheka.

"Ni mkono wa mke wangu huo," Mbonea alimjibu. "Wako bado anajifunza chumvi."

Askari naye alinenepa. Wakamtania kwamba ameota kitambi cha mwenyekiti wa kijiji.

Jumanne moja, siku mbili baada ya ubatizo wa mtoto wa jirani, ambapo mama aliletewa nyama yenye mafuta mengi, mbwa alitapika. Akatapika tena. Akakunja mgongo, akakataa maji. Ndugu hawa hawakumnywesha majivu wala mwarobaini, kama wafanyavyo wengi, wala hawakungoja kuona kesho itakuwaje. Kabla ya adhuhuri Eliudi alikuwa ameshamleta daktari wa mifugo kwa pikipiki, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi.

Daktari alimpima mbwa joto. Alivuta ngozi ya shingo kuona kama mwili umekaukiwa maji, akabonyeza tumbo, na mbwa akalia.

"Ilianza lini?"

"Leo saa moja asubuhi," alisema Mbonea. "Mara nne. Ya mwisho ilikuwa povu la njano."

"Mmefanya vyema kutongoja. Anayetapika hivi na kukataa maji huweza kufa kesho yake." Alimchoma sindano, akamtundikia maji. Kisha akapapasa mbavu zake tena, akakunja uso. "Mnamlisha nini?"

"Makombo. Mara moja kwa siku."

"Mbwa wa makombo hawi na mafuta haya. Huyu anakula chakula cha mtu mzima, kila siku, tena kwa muda mrefu. Cha nani?"

Wake wawili walitazamana. Kisha wote waligeuka kumtazama mama, aliyekuwa ameketi kizingitini amejifunika kitenge mpaka kidevuni, ingawa jua lilikuwa kali. Alijaribu kuinuka aingie ndani. Kitenge kikaanguka, na mabega yake yakaonekana, mifupa imejipanga kama fito za nyumba isiyokandikwa.

"Hakipiti, wanangu," alisema kwa sauti ndogo, akigusa koo. "Niliona aibu kurudisha chakula cha wakwe zangu."

Mke wa Mbonea alipiga yowe, akakaa chini palepale kwenye vumbi. Mbonea alisimama ameshika kamba ya mbwa, asijue aiweke wapi.

Daktari alifunga mkoba wake. "Mimi natibu mifugo," alisema. "Huyu mpelekeni hospitali sasa hivi."

Askari alipona siku ya nne. Alirudi kulala mlangoni pa mama, na mlango ulikuwa umefungwa.

Huko hospitali, siku ile ile ya kwanza, daktari wa watu alimpima mama, kisha akawauliza wana wake swali lile lile waliloulizwa kuhusu mbwa: "Ilianza lini?" Mbonea alimtazama Eliudi. Eliudi alitazama sakafu. Siku ya mbwa waliijua, na saa yake, na rangi ya povu lake. Ya mama hawakuijua hata kwa mwezi.

Nawe unayesikia haya: nyumbani kwako, ni nani ambaye habari zake unazisoma kwenye sahani tu?