Honi Haifungui Njia

Honi haifungui njia. Mmeusikia msemo huo sokoni, mkaniuliza ulikotoka. Basi sikilizeni, ulizaliwa hapa hapa Tanga, siku ya arusi ya Mbaruku.

Zamani mji huu ulikwenda kwa baiskeli: mwalimu, muuza samaki, hata kadhi na kilemba chake. Magari yalipoingia, watu wakaona haya kuonekana wakikanyaga pedali, baiskeli zikaachiwa kuku. Mbaruku, fundi cherehani, alikuwa mmoja wao. Aliwahi hata kuahirisha arusi yake kwa sababu hajapata gari la kuazima. Mkwewe, Mzee Shekue, akamwonya: "Ukichelewa tena, mwanangu humpati."

Siku ikawadia. Mbaruku akapanda gari jeusi lililopambwa maua, jamaa wakamfuata kwa magari yao. Shangazi yake Mwanakombo, mkunga, akaja na baiskeli yake kuukuu.

"Shangazi, usinitie aibu leo," akamnong'oneza. "Panda gari."

"Nikiiacha itanuna, baba," akajibu akicheka.

Walipofika njia panda ya soko, kila dereva alitaka kupita yeye kwanza, basi wakakwama wote. Honi zikalia, hakuna aliyesogea. Mbaruku akalowa jasho ndani ya joho.

"Piga tena honi!" akamwamuru dereva.

"Nimepiga hadi imekauka sauti, bwana."

Mara ikasikika kengele, kringi kringi! Shangazi, aliyekwisha fika kwa bibi arusi na kurudi, alikuwa akipenya katikati ya magari. Akasimama dirishani.

"Bwana arusi, kadhi anavaa viatu aondoke. Utaoa hapa hapa njia panda?"

Mbaruku akautazama umati, uso ukamwiva kwa haya. Kisha akamkumbuka Rukia, bibi arusi wake, anayemngoja na hina mikononi. Akafungua mlango.

"Nipe niendeshe, Shangazi."

"Wewe umekwisha sahau. Kaa nyuma, kanzu isiingie kwenye mnyororo!"

Watu wakaangua kicheko, lakini wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele, na wabeba mizigo wakawapisha. Shangazi akakanyaga pedali, bwana arusi akishikilia kofia. Njiani Mbaruku akajikuta naye anacheka.

Walimkuta kadhi kizingitini. Mzee Shekue alikuwa amekunja uso, ila alipoona joho lililojaa vumbi na shangazi anayehema, alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu sasa anamtaka mwanangu," akasema. "Kadhi, rudi ndani."

Nikaha ikafungwa. Wenye magari walifika kwa miguu, wakakuta pilau limeshaliwa nusu. Rukia alipoambiwa asubiri gari la kumpeleka kwa mumewe, akakataa katakata. Akapelekwa kwa baiskeli, Mbaruku akiendesha, mji mzima ukiwashangilia.

Tangu hapo baiskeli hazikuonewa haya tena. Na mtu akipiga kelele pale panapotaka kutafutwa upenyo, wenyeji humwambia kwa upole: honi haifungui njia.