Ua Lenye Kovu

Paukwa?

Pakawa.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, mwaga.

Hapo kale, kwenye msitu wa miombo, chini ya kilima cha mawe makavu, aliishi mganga Milembe na bintiye Nyamizi. Milembe alilijua ua la njano linaloponya ugonjwa wa koo. Kiangazi hukauka likapotea, mvua ikinyesha huchipua palepale. Siku moja ugonjwa huohuo ukamkaba mwenyewe. Ulimi ukavimba, asiweze kutamka neno. Haya, aijuaye dawa ndiye asiyeweza kusema.

Nyamizi akapanda kilima mbio. Kufika juu, akasita. Maua ya njano yalikuwa matatu, sura moja, harufu moja. Juu ya jiwe ameketi Pimbi, mlinzi wa kilima, anatafuna.

"Shikamoo, babu. Lipi linaponya?"

"Marahaba. Moja linaponya, mawili yanaua. Na hapa kisu hukata mara moja tu."

Akatazama maua, sawa. Akatazama majani, sawa. Akatazama mashina, sawa. Uchungu ukamjaa. Kila mwaka mama alimwambia, "Twende wote ukalijue," naye kila mwaka alijibu, "Mwakani, mama."

Wewe unayesinzia hapo, amka, mtu anakufa.

Ndipo akakumbuka jambo. Mama alirudi kila mara na nusu ya mzizi. Akiulizwa, husema, "Nusu nimekiachia kilima."

Nyamizi akaweka kisu chini, akafukua kwa vidole. Mzizi wa kwanza, laini. Wa pili, laini. Wa tatu, una kovu la kisu, la zamani, limeshapona.

"Umeliona," akasema Pimbi. "Basi ng'oa lote, mama yako yu mahututi."

Nyamizi akaokota kisu. Kweli alitaka kuling'oa lote. Lakini akakata nusu, akafukia iliyobaki, akashuka mbio.

Akatwanga, akaloweka, akamdondoshea mama tone kwa tone. Akangoja. Akangoja tena. Mwishowe uvimbe ukashuka, Milembe akafumbua macho. Nyamizi alidhani atashukuriwa.

"Umebakiza?" mama akauliza.

"Nimebakiza, mama."

"Mwakani twende wote."

"Twende," akasema Nyamizi, akalia.

Basi, wanangu, kilichomwokoa Milembe ni kile alichobakiza. Nami nilionjeshwa dawa ile kidogo, ndiyo maana koo langu halichoki kuwasumbua. Hadithi yangu naifukia hapa, atakayeitaka aje na vidole vyake.