Mayai Yaliyolelewa Chumba cha Kompyuta

Sogeeni karibu, na aliyeazima masikio ya jirani ayarudishe, maana leo nitataka jibu la kila mmoja kwa masikio yake mwenyewe.

Katika chuo kimoja cha kilimo, kule Rungwe ambako ukungu haupigi hodi, alikuwako mwalimu wa kompyuta aitwaye Subilaga. Kazi yake haikuwa lelemama. Wanafunzi wake walikuja kusomea ng'ombe na viazi, si vitufe. "Mwalimu, kompyuta haikamuliwi," walimtania. Kati yao walikuwapo watatu, na hao ndio wenye hadithi.

Wa kwanza ni Lugano. Huyo alisoma programu kama mtu anayechambua mchele, kosa halikumpita. Tatizo lake, mkono wake uliitangulia subira.

Wa pili ni Sekela, aliyelelewa na bibi mfuga kuku. Alikuwa akiligusisha yai kwenye kope, akakwambia kama joto lake linatosha au limezidi. Kompyuta aliiheshimu kwa mbali, kama mkwe.

Wa tatu ni Ambokile. Darasani alisinzia bila aibu, na mtihani wa kompyuta aliufeli bila kusikitika. Lakini mdomo wake! Wasemao kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni walikuwa wamekwisha kumsikia.

Mwaka ule ugonjwa wa kideri ulifagia kuku wa kijiji cha jirani. Vibanda vikabaki vitupu. Wanawake wakakusanya mayai ya kuku wachache waliosalia, wakampelekea Subilaga, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wameunda mashine ya kutotolea vifaranga. Lilikuwa sanduku la mbao. Juu palikuwa na balbu za kutoa joto, chini trei ya mchanga uliolowanishwa ili hewa isikauke. Kompyuta ilisoma joto la hewa ya ndani kwa waya wenye kipimo kwenye ncha yake, ikawasha na kuzima balbu yenyewe.

"Mwalimu," alisema Mama Tusekile, kiongozi wao, "haya yakiharibika hatuna mbegu nyingine. Nakukabidhi."

"Nimepokea, mama," Subilaga alijibu, na tangu siku hiyo usingizi wake ukawa wa kuku.

Mchana mmoja wa baridi kali, Sekela aliingia kugeuza mayai. Alichukua moja, akaligusisha kwenye kope, akashtuka.

"Mwalimu! Yanaiva!"

Subilaga alitazama kioo cha kompyuta. Kilisema mayai yana baridi, na balbu zilikuwa zikiwaka zote.

"Kompyuta inasema yanahitaji joto zaidi."

"Mwalimu, kope yangu haiongopi."

Muhula mzima Subilaga alikuwa amewafundisha waamini kipimo, wasiende kwa kubahatisha. Sasa ilimbidi achague kati ya kioo chake na kope ya binti. Akasema, "Fungua! Yatoe nje!"

Sekela akayatoa, moja moja, akayapanga juu ya nyasi kavu.

Lugano akaitwa. Aliipitia programu mara moja, akarudia, akatikisa kichwa. "Programu ni nzima. Inadanganywa." Akaufuata ule waya kwa kidole mpaka ndani ya sanduku, akakuta ncha yake imezikwa kwenye mchanga wa trei. Kompyuta ilikuwa ikipima tope la baridi, ikadhani inapima hewa, ikazidisha moto.

"Nani kauchimbia?" akauliza Lugano.

Sekela aliinamisha uso. "Mimi. Asubuhi nikifanya usafi nimeukuta unaning'inia, nikajua umechomoka. Mwalimu, si ulisema ni kama kile cha kitaluni?"

Ni kweli Subilaga alisema. Siku ya kwanza, akitaka kuwavuta hawa watu wa udongo, aliwaambia kifaa hiki ni ndugu wa kipimajoto wanachokichimbia kwenye kitalu cha miche. Darasa zima lilifurahi. Hakuwaambia undugu huo unaishia wapi. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya wanafunzi.

Kabla hajafumbua mdomo, Lugano aliuvuta waya kwa nguvu. Trei ikaruka, tope likazirukia balbu zenye moto. Pa! Pa! Pa! Hapana iliyosalia.

Balbu nyingine zilikuwa mjini. Bodaboda akatumwa, akamezwa na ukungu. Mayai yaliyokuwa yakiiva sasa yakaanza kupoa, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Ambokile alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza waya wala programu. Akakimbia mpaka kituo cha kupimia majani ya chai, walikokuwa wale kina mama na mavuno yao. Mwingine angewaficha. Yeye akasema, "Mama zangu, mayai yenu yanakufa, na walioyaharibu ni sisi. Mtatutukana baadaye. Sasa hivi naomba joto la vifua vyenu."

Kisha Mama Tusekile akatua kikapu chake, na wengine wakatua.

Wakaja, wakajaa chumba cha kompyuta, wakakalia viti vya wanafunzi. Kila mmoja akapakata mayai kifuani, khanga juu yake. Subilaga naye akachukua yake, akawa anaogopa hata kukohoa. Wakakaa hivyo mpaka pikipiki iliposikika.

Mengine yaliharibika. Mengi yalitotolewa, na vibanda vya kijiji vikaanza tena kupiga kelele.

Kina mama wakaja na mtamba mwekundu, ng'ombe mzuri asiyezaa bado. "Ni wa yule aliyeokoa mayai," alisema Mama Tusekile. "Sisi tusihesabiwe. Mama halipwi kwa kulea chake."

"Mimi ndiye niliyejua," akasema Sekela. "Bila kope yangu mngekula mayai ya kuchemsha."

"Na bila mimi," akasema Lugano, "balbu mpya zingeyachemsha upya."

"Ninyi wawili mliharibu, mkatengeneza," akasema Ambokile. "Mimi sikuvunja kitu."

"Basi wagawane," mtu akapendekeza.

"Mtamba akigawanywa ni nyama," akajibu Mama Tusekile, akamkabidhi Subilaga kamba.

Subilaga akasimama nayo. Akimnyima Sekela kwa sababu ya waya, itambidi kwanza amtaje aliyemfundisha. Akimpa, watasema analipia kosa lake mwenyewe. Akimpa Lugano, anaupa tuzo mkono uliopasua balbu. Na akimpa Ambokile, kesho darasa zima litakuja na mto wa kulalia.

Je, wewe ungeamua vipi? Wala usiniambie utafikiri kwanza. Mtamba anavuta, kina mama wanangoja, na mwalimu ameinua macho anakutazama wewe.