Kwa Nini Kinoo Hunyweshwa Maji Kabla ya Wembe

Zama zile mawe yalipokuwa bado hayajaacha kusema, hapakuwa na kinoo katika mkoba wa kinyozi. Nanyi mnaongoja zamu kwenye benchi hili, mnaouliza kwa nini nalinywesha jiwe kabla ya kuligusisha wembe, yafaa mjue kwamba mawe yalisema kweli, ila kwa mwendo wake. Neno moja lilichukua muda wa kivuli kuvuka ua, na aliyetaka kusikia kauli nzima alipaswa kubeba chakula. Kwa hiyo watu wengi waliamini kwamba mawe ni mabubu. Wembe ulinolewa kwa kigae cha chungu, na hakuna aliyeshangaa kuona damu kichwani mwa aliyenyolewa.

Katika nchi hiyo ya vilima na matanuri ya chuma aliishi mjane aitwaye Kabula. Mumewe alifariki wakati binti yao, Limi, alipokuwa akitambaa. Mila ya huko ilikuwa na jambo moja gumu: mjane hakuruhusiwa kumbeba mtoto hadi anyolewe nywele za msiba na wifi yake, dada wa marehemu. Tone moja la damu likimtoka katika kunyolewa, msiba ulianza upya, mwezi mzima. Walisema ni marehemu anayekataa kuagwa. Basi Kabula aliketi mlangoni, mikono mapajani, akimtazama Limi akipita mgongoni mwa wengine, kama mtu atazamaye mwezi ndani ya maji.

Wifi yake aliitwa Mhoja, mfinyanzi hodari, mwenye mikono miepesi na subira fupi. Mara ya kwanza aliunoa wembe kwa kigae, kama walivyofanya wote.

“Wifi,” alisema Kabula, kwa kuwa mawifi wa huko walitaniana hata msibani, “unaninyoa au unapanda mihogo?”

“Nyamaza. Kichwa chenyewe kina matuta. Sijui kaka yangu alikipendea nini.”

Walicheka wote wawili. Kisha wakaona tone limeshafika shingoni, na kicheko kikaisha.

Mwezi wa pili Mhoja alitengeneza jiwe. Alisaga mawe meupe yametayo, akachekecha unga wake, akaukanda kwa udongo wa ufinyanzi na kuuchoma tanurini hadi ukawa mgumu kama mfupa. Hilo lilikuwa jiwe la kwanza kuzaliwa mikononi mwa binadamu, nalo lilizaliwa na njaa. Lilikula chuma kwa pupa, wembe ukatoka unang’aa. Lakini lilipotafuna liliacha meno madogo kwenye makali, meno ambayo jicho halikuyaona. Ngozi ya Kabula iliyaona. Siku hiyo Limi alisimama kwa kushika ukuta.

“Jiwe langu lina njaa,” aliwaza Mhoja. “Nitafute lililoshiba.”

Mwezi wa tatu akashuka mtoni, kwenye kivuko, ambako maji yalikuwa yakipita juu ya jiwe moja bapa, la rangi ya majivu, tangu kabla watu hawajapata majina. Aliliomba lije nyumbani kwao. Akaketi. Ukungu uliondoka, kerengende wakaja na kwenda zao, jua likapanda na kuteremka, na alasiri akasikia, kana kwamba neno limetoka ndani ya kifua chake mwenyewe: “Nitakuja.” Akaruka kwa furaha, akalibeba, akakimbia nalo kupanda kilima. Hakujua kwamba jiwe lilikuwa bado linasema.

Alilitumia kunolea wembe vile vile lilivyokuwa, kavu. Vumbi la chuma liliuziba uso wa jiwe, ukawa mweusi na utelezi, kama jicho lililoingiwa na ukungu. Wembe ukapiga kelele. Damu ikatoka mara ya tatu, na uani, mbele ya macho yao, Limi akapiga hatua mbili.

Kabula hakutania. “Nikija kuumaliza msiba huu,” alisema, “hatakuwa tena mtoto wa kubebwa.”

Mhoja aliliacha jiwe pale kizingitini, akaondoka.

Mfiwa hana kazi ila kuketi. Siku zilipita juu ya Kabula na jiwe kama maji ya kivukoni, hata akawa hajui kama anawaza au anaota, na masikio yake yakaacha haraka yote. Jiwe lililokatizwa hunyamaza muda mrefu kabla ya kuendelea. Mwezi ulipokaribia kwisha, alasiri moja alisikia: “Pamoja.” Kesho yake: “na.” Siku ya tatu: “mto.”

Akamwita Mhoja. “Wifi yangu, ulimbeba mgeni kabla hajamaliza maneno. Alisema atakuja pamoja na mto.”

Mhoja alikwenda mbio kuteka maji kwa chungu alichokifinyanga mwenyewe. Alilisugua jiwe kwa kokoto hadi uso wake ukafunguka, akalilaza majini na, safari hii bila haraka, akangoja lishibe. Kwanza aliupitisha wembe kwenye jiwe lake la tanuri, lile lenye njaa, liyale mapengo yote. Kisha akauhamishia kwenye jiwe la mto. Maji yakageuka uji wa kijivu. Sauti ya chuma ikashuka, ikawa mnong’ono, ikawa pumzi, ikanyamaza. Akaujaribu kwenye mkono wake mwenyewe, na vinyweleo vikaanguka bila kujua vimekatwa.

Kabula alifumba macho. Alingoja muda mrefu.

“Umeanza?”

“Nimemaliza.”

Wazee walikikagua kichwa hicho mara mbili, wasione hata tone. Limi akaja kwa miguu yake mwenyewe, akasimama mbele ya mwanamke asiye na nywele ambaye hakumtambua vema. Akakigusa kichwa hicho laini. Akacheka. Kisha akainua mikono yote miwili juu, abebwe.

Na tangu siku hiyo kinyozi hubeba mawe mawili: la kuchomwa, ambalo siku hizi hutoka viwandani, liondoe mapengo, na la mto, limalizie. Huyapa maji kabla ya chuma, na hujikata vinyweleo vyake kabla ya kuzigusa nywele za mwingine. Mawe hayasikiki tena, kwa kuwa hatuketi vya kutosha. Lakini mkiniona nimeinamisha sikio juu ya kinoo na mikono yangu inakwenda polepole, msiniharakishe. Naliacha jiwe limalize.