Asali ya Kidakani

Hapo zamani, na zamani haina mlango wa kuifungia, palikuwa na mji wa nyumba za mawe, na mji huo ulikuwa na sheria ya upangaji ambayo kila mtu aliijua na kila mtu aliizozania. Sheria ilisema: ukuta ni wa mwenye nyumba, na ubovu wake ni juu yake. Ikasema tena: chumba ni cha mpangaji muda wote wa mkataba wake; mwenye nyumba haingii ila kwa hodi tatu na karibu moja. Sheria njema, iliyonyooka. Walioipinda ni nyuki.

Bi Mwanashee, mjane mpika visheti, alipanga chumba katika nyumba ya Bwana Aboud Kheri. Ukutani mwa chumba hicho mlikuwa na kidaka, kile kishubaka walichokichonga wazee wetu ili kuweka msahafu na vikombe vya kaure. Fundi Lali ndiye aliyeupiga ukuta huo lipu, naye kwa haraka ya kuwahi biriani ya harusi akasahau tundu nyuma ya kidaka. Tundu dogo tu. Nyuki wakaliona, wakaingia, wakajenga. Wala hawakumwomba mtu idhini.

Bi Mwanashee akamwendea mwenye nyumba.

"Bwana Aboud, ukuta wako umenitia wageni. Njoo uwatoe."

"Ah, Bi Mwanashee! Nyuki ni viumbe watukufu, wametajwa katika Kitabu."

"Katika Kitabu wametajwa, naam. Katika mkataba wangu hawakutajwa."

"Vumilia, mama. Mvumilivu hula mbivu."

Akarudi, akavumilia. Akaumwa shingoni, akavumilia. Akaumwa ndewe ya sikio, akavumilia, ingawa siku hiyo alimtaja Bwana Aboud pamoja na baba yake na babu yake. Akakifunika kidaka kwa kawa la chakula, akawafukizia ubani kila alfajiri, hata nyuki wakamzoea naye akawazoea.

Kisha asali ikaanza kutona. Akaitwa Fundi Lali, akapanda na moshi wake, akaumwa kope zote mbili, akashuka na masega yaliyojaza mtungi. Harufu ikatoka dirishani, ikakata kichochoro, ikamkuta Bwana Aboud barazani kwake.

Akaja mbio. Mlangoni akasema kwa pumzi moja, "Hodihodihodi!" Kisha akajijibu mwenyewe, "Karibu, karibu!" Akaingia.

"Subhanallah!" Bi Mwanashee akapiga ukelele. "Niko kichwa wazi, unga hadi viwikoni, nawe waingia kama paka?"

"Nimefuata asali yangu!"

Kelele zikamfikia kadhi. Kadhi akaja kwa miguu yake, akabisha hodi tatu, akangoja mpaka akakaribishwa, kisha akasema, "Kila mtu na aseme lake."

Bwana Aboud akasema, "Maulana, nyuki wamejenga ukutani, na ukuta ni wangu. Ukibomoka, nani ataujenga? Mimi. Basi ukizaa, nani atavuna? Mimi."

Bi Mwanashee akasema, "Ulipouma, ukuta ulikuwa wangu. Ulipotoa asali, umekuwa wako? Nilikuarifu, ukanipa methali. Na kidaka kimekabili chumbani mwangu, si barabarani."

Fundi Lali, ambaye hakuwa akiona vizuri kwa uvimbe, akauambia mlango, "Maulana, bila ya tundu langu nyuki wangepita wapi?"

"Huo ni mlango, Lali, mimi niko huku," akasema kadhi. "Nawe wadai ujira wa kazi mbovu?"

"Nadai matunda yake, Maulana. Na kope zangu je?"

Kadhi akatafakari, akasema, "Wanavyuoni wametufundisha kwamba faida huandamana na dhamana, yaani abebaye hasara ndiye alaye faida. Haya, nani aliyebeba dhamana?"

Wakainua mikono wote watatu.

Kadhi akautia mkono wake kidakani, polepole, akiwa na bismillahi mdomoni. "Mkono wangu sasa uko wapi?"

"Ukutani!" akasema Bwana Aboud.

"Chumbani!" akasema Bi Mwanashee.

"Hatarini," akasema Fundi Lali.

Kadhi akautoa haraka. "Basi sikilizeni. Nitakayempa asali, nitampa na nyuki. Na nitakayempa nyuki, nitampa na njia ya kuwafikia, saa yoyote watakapomhitaji."

Bwana Aboud akatabasamu, akautazama mlango kana kwamba umekwisha kung'olewa. Bi Mwanashee akausukuma mtungi hadi miguuni pa kadhi.

"Maulana, kama ni utamu, na walambe wote. Mimi nauza visheti, sukari nitaipata sokoni. Lakini mlango wangu sokoni hauuzwi. Ukimpa huyu njia, mimi nitakuwa nimepanga nini? Kibaraza?"

"Na akikupa wewe nyuki," akadakia Bwana Aboud, "wakanila ukuta hadi paa likaanguka, nitakuja kuutengeneza kwa ruhusa ya nani? Yako?"

Fundi Lali akakohoa. "Na tundu je, nizibe au nisizibe?"

Adhana ikalia. Kadhi akasimama, akasema hukumu itatoka baada ya sala. Na mimi, kwa bahati mbaya, habari zangu zinakoma pale alipovaa viatu vyake. Nyinyi mliokaa mkanisikiliza mna akili na mna makazi, wengine mwamiliki, wengine mwapanga. Mwenye ukuta, mwenye chumba, na mwenye tundu: je, nani alistahili asali ile, na mlango ule ubishwe hodi na nani?