Makaa Aliyerudi Mweupe

Ngano hii aliitoa kwanza Bi. Tumu binti Shee, mwaka uliokosa vuli, akipepeta mtama uani kwake. Imewekwa kama alivyoisema.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa bwawa, na kiu mlangoni. Wakubwa sogeeni, watoto kaeni mbele.

Hapo zamani za kale, farasi walikuwa na nchi yao. Mvua ikakatika. Mito ikakauka. Likabaki bwawa moja tu. Farasi wakalizungushia boma la miiba, wakaacha mlango mmoja, na mlangoni wakamweka Kanga.

Kwa nini Kanga? Kwa sababu Kanga alikuwa na wimbo. Aliurithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Kila farasi alipozaliwa, rangi yake iliingia wimboni. Asiyelingana na wimbo hakunywa.

Kila asubuhi farasi walijipanga, Kanga yuko juu ya nguzo, akiimba:

"Chakara, chakara, Kanga sikosei!
Rangi ya kuzaliwa ndiyo mlango wa maji!"

Kisha akaita. "Mwekundu pyu, soksi nyeupe miguu ya nyuma. Pita! Kahawia, mkia mweusi. Pita! Wewe mwenye mabaka kama maziwa yaliyomwagika, pita! Rangi ya dhahabu, singa za shingo nyeupe... hebu geuka. Haya, pita!"

Wazee hawakuimbiwa. Walipita kwa heshima ya uzee wao. Mmoja wao alikuwa Shungi, farasi jike, mweupe pe.

Shungi alikuwa na binti mmoja, Makaa. Makaa alizaliwa mweusi ti. Alipokua alifuatana na vijana wenzake kwenda malisho ya mbali. Miaka ikapita. Wenzake wakarudi. Makaa hakurudi. Kila siku Shungi alisimama mlangoni akitazama njia. Alitafuta kitu kimoja tu: doa jeusi ndani ya vumbi.

Siku moja kwato zikasikika. Kwata... kwata... kwata. Za mtu aliyechoka. Akatokea farasi jike, mbavu nje, ulimi mkavu kama gome. Mweupe pe.

"Mama," akasema. "Ni mimi, Makaa. Nipe maji."

Lo! Msururu mzima ukageuka.

Punda, ambaye alikuwa akingoja maji ya mwisho kama kawaida yake, akaangua kicheko. "Makaa gani haya? Makaa yakishakuwa meupe, jina lake majivu!"

"Chakara!" Kanga akapiga mabawa. "Makaa ni mweusi ti! Wewe ni mweupe pe! Mwizi wa jina!"

Shungi moyo ulimruka. Ile sauti aliijua. Lakini macho yake yaliona weupe mtupu, na hofu ikampanda.

"Jina hilo umelitoa wapi?" akauliza. "Mwanangu umemfanya nini?"

"Mama, ni mimi. Nilianza kupauka kichwani. Nikadhani ni vumbi. Nikaoga, halikutoka."

"Toka!"

"Mama..."

Shungi akageuka, akarusha teke. Pu! Likampata ubavuni. Makaa hakulia. Alimtazama mama yake, kisha akashika njia aliyojia. Kwata... kwata... kwata.

Sasa, ilikuwa desturi. Mgeni akifukuzwa, Kanga huimba ukoo ambao mgeni amedai ni wake, wote wasikie kuwa yeye hayumo. Kanga akanyoosha shingo, akaimba:

"Makaa wa Shungi, mweusi ti!
Shungi wa Mvumo, mweusi ti!
Mvumo wa..."

Akanyamaza.

Kanga alikuwa akiimba kama waimbavyo warithi: mdomo unakwenda, masikio yamelala. Akarudia, polepole. "Shungi wa Mvumo... mweusi ti."

Macho yote yakamgeukia Shungi. Yumo ndani ya boma. Midomo imelowa maji. Mweupe pe.

"Nani mweusi?" Shungi akauliza.

"Wewe, mama yangu," Kanga akasema. "Wimbo unasema wewe."

"Mimi? Mimi huyu?"

Akainama bwawani. Akaona uso mweupe. Akaona pua nyeusi. Akaona kingo za macho, nyeusi ti. Weusi ulikuwapo siku zote, chini ya manyoya. Lakini nani hujiona siku aliyozaliwa?

Punda hakucheka tena. "Bi. Kanga," akasema, "vifaranga wako huzaliwa na milia. Leo wana madoadoa kama wewe. Mbona hujawafukuza?"

Kanga akaanza kuteremka nguzoni.

Shungi hakungoja. Chubwi! Akatumbukiza kichwa na shingo, singa zikanywa maji. Akatoka mbio. Kwatakwatakwata! Maji yanadondoka, yeye anakimbia. Yanadondoka, anakimbia. Akamkuta Makaa ameanguka njiani, vumbi limemjaa puani.

"Nyonya, mwanangu. Nyonya singa zangu."

Makaa akanyonya. Tone, tone, tone. Akafumbua jicho.

"Mama, umenijuaje?"

"Nimejijua mimi."

Wakarudi pamoja, bega kwa bega. Kanga alikuwa ameteremka nguzoni. Mlango uko wazi.

Basi wenzangu, anayerudi usimpime kwa rangi uliyomwachia. Na kabla hujamkana wako, uliza wewe ulizaliwaje.

Ngano yangu imefika mwisho wa njia yake, naiacha hapo. Bi. Tumu, aliyeitoa kwanza, hayupo tena. Shungi alikufa baada ya mvua kurudi. Punda alihama, habari zake hazijasikika. Kanga alikufa na wimbo wake. Makaa yu hai, mweupe pe. Ila pale teke lilipompata hapakuota unyoya tena, na ngozi yaonekana hata kwa mbali, nyeusi ti.